Beki kijana: namna ya kuvuka misimu mitatu ya kwanza

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi, dogo mmoja wa miaka 17 alikaa chini akafungua daluga zake taratibu mpaka wenzake wote wakaondoka. Kisha akaniuliza: "Kaka, hivi beki anaonekanaje? Straika akifunga watu wanamjua. Mimi nikicheza vizuri, hakuna kinachotokea."

Nilicheka, maana kazi yenyewe ndiyo hiyo. Nilimjibu juu juu kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Jibu lenyewe hili hapa, ni lake na ni la yeyote anayeanza.

Mimi nilicheza beki wa kati. Nilianzia kwenye ndondo, zile mechi za mtaani, za Morogoro, nikapanda daraja la kwanza misimu miwili, halafu Ligi Kuu mpaka goti lilipokataa. Timu zangu hazikuwa kubwa na Taifa Stars sikuitwa hata siku moja. Kwa hiyo kuwa nyota sikufundishi. Ninachoweza kukueleza ni jinsi ya kutopotea kati ya miaka 17 na 21, maana nimewaona wengi waliokuwa na mpira mzuri kuliko mimi wakipotelea hapo.

Jua wewe ni beki gani

Shuleni kwetu nafasi ziligawiwa hivi: mrefu nyuma, mwenye mbio pembeni, asiyejua golini. Nikawa beki kwa sababu ya urefu, na bahati ikanifaa. Wewe usikubali kirahisi hivyo. Fabio Cannavaro hakufika mita 1.80, na mwaka 2006 alinyanyua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Italia, akachukua na Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, mwaka huohuo. Nadir Haroub wa Yanga hakupewa jina la Cannavaro kwa utani. Leo mtazame Dickson Job: si mrefu kwa beki wa kati, lakini mara nyingi straika mrefu anapofika kwenye mpira, Job ameshautoa. Wafupi wanaodumu nyuma ni wale wanaosogea kabla mpira haujapigwa.

Jifunze nafasi mbili, si moja. Shomari Kapombe, wa hapa kwetu Morogoro, aliwahi kucheza beki wa kati kabla watu hawajamzoea kama namba mbili, yaani beki wa kulia. Kocha akiwa na majeruhi wawili na basi linaondoka alfajiri, anamchukua anayeziba mapengo mawili. Na kama unatumia mguu wa kushoto, usikubali mtu akubadilishe. Mabeki wa kati wa mguu wa kushoto ni wachache, na makocha wanawatafuta.

Winga anakuja, umebaki peke yako

Hapa ndipo beki kijana anapohukumiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpira ukiwa bado njiani kwenda kwa winga, wewe uwe njiani pia. Hiyo safari ya mpira ndiyo muda wako wa bure, kimbia kwa nguvu zote. Ukibakiza kama mita tatu, funga breki: hatua fupifupi, magoti yamekunjwa, uzito wako uko mbele ya nyayo na si kwenye visigino. Usimkabili kifua kwa kifua. Miguu ikiwa sambamba umeshamfungulia mlango wa tobo, mpira upite katikati ya miguu yako, na akipita upande wowote inabidi ugeuze mwili mzima kama lori. Simama kiubavu, mguu mmoja mbele, mfungie njia ya ndani, mwachie ile ya pembeni kwenye chaki. Ile chaki ni beki mwenzako, haichoki na wala hapigwi chenga.

Macho yawe kwenye mpira. Mabega yanadanganya, kiuno kinadanganya, na kuna mawinga wanaodanganya hadi kwa macho. Mpira hauna akili hiyo.

Kisha subiri. Wengi hapa ndipo wanaposhindwa, maana jukwaani watu wanapiga kelele "mchukue huyo!" na wewe unataka kuonekana mwanaume. Usimrukie. Rudi nyuma naye, mcheleweshe, kila sekunde unayoila mwenzako mmoja amesharudi. Saa ya kuunyang'anya ni pale anapougusa ukamtoka mbele zaidi kidogo ya alivyotaka. Ni nafasi ya nusu hatua tu. Isipokuja, basi haijaja, endelea kumchelewesha.

Kulala chini kuteleza ni dawa ya mwisho. Beki aliyelala hana kazi nyingine anayoweza kufanya mpaka ainuke.

Krosi, na wavu wa vitunguu

Krosi ikipigwa, mabeki wadogo wanautazama mpira kama watoto wanaotazama ndege ikipita, na straika yuko mgongoni anacheka. Geuza mwili wako kiubavu ili mpira na mtu wako vikae katika jicho moja. Kama huwezi kuviona vyote viwili, mguse mtu wako kwa mkono, gusa tu, usimshike, ujue yupo. Kabla krosi haijapigwa geuza shingo utazame nyuma. Mara mbili, tatu. Mwanzoni shingo itauma kabisa, hiyo ni dalili nzuri.

Kichwa nilijifunza nyumbani Kihonda. Nilichukua wavu wa kufungia vitunguu, nikatia mpira uliochakaa, nikaufunga kwa kamba kwenye tawi la mwembe, juu kidogo ya pale nilipoweza kufika nikiwa nimesimama. Kila jioni mara hamsini: hatua mbili tatu za kukimbia, ruka kwa mguu mmoja, piga kwa paji la uso huku macho yako wazi. Ukifumba macho mpira unakupiga wewe, na kwa wiki ya kwanza ulinipiga kwelikweli. Wiki ya tatu nikapandisha kamba kwa upana wa vidole vinne. Bibi alikuwa analalamika kwamba maembe machanga yanapukutika, na alikuwa na haki.

Kichwa cha beki kina shabaha yake: juu, mbali, pembeni. Ukiurudisha katikati, nje kidogo ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, umempa mtu pasi ya kufungia.

Mdomo ni mguu wa tatu

Nilipofika daraja la kwanza nilikuwa bubu uwanjani. Wenzangu walikuwa wakubwa, baadhi wana watoto, nami nikaona kumpigia kelele mtu wa miaka 30 ni utovu wa adabu. Kipa wetu akaniita pembeni, akasema: "Dogo, ukinyamaza mimi ndiye ninayefungwa. Niheshimu nje ya uwanja. Humu ndani nipigie kelele."

Maneno yawe mafupi, neno moja kama inawezekana. "Mgongoni!" maana yake kuna mtu nyuma yako. "Peke yako!" una muda, tulia. "Panda!" mstari wote usogee mbele. "Wangu!" nimeuchukua, niachieni. Usiseme "angalia, angalia!" Aangalie nini? Neno hilo linaongeza hofu bila kutoa taarifa. Na useme kabla, si baada. Kumlaumu mwenzako mpira ukiwa umeshaingia wavuni hakumsaidii yeyote, na kocha anakuandika.

Kwenye mtego wa kuotea, mabeki mnaposogea mbele pamoja ili straika abaki ameotea, anaamuru mmoja tu, na si wewe mgeni. Ukisikia "panda", panda bila kujadili. Lakini usikimbie huku umemnyooshea mkono mshika kibendera. Mkono ukiwa juu mbio zinapungua, na kibendera kisiponyanyuka umebaki hapo kama abiria aliyeachwa na basi. Cheza mpaka usikie filimbi.

Jifunze pasi, enzi zimebadilika

Zamani beki wa kati aliruhusiwa kuwa mbutuaji, wa kupiga mpira mbali tu. Mpaka 2019, golikiki ilikuwa lazima itoke kwanza nje ya kumi na nane ndipo mchezaji mwingine auguse. Sheria ikabadilika, sasa unaweza kuupokea ukiwa humo humo ndani, hatua chache kutoka kwa kipa wako, na mastraika wawili wanakuja mbio. Timu nyingi zinaanzia mpira hapo. Kwa hiyo kocha wa leo akiniuliza kuhusu kijana, swali la kwanza ni "akibanwa anatoa vipi?", kukaba anauliza baadaye. Piga mpira ukutani, kila mguu kwa zamu, huku mtu nyuma yako ananyoosha vidole na wewe ugeuke uhesabu kabla mpira haujakurudia. Mazoezi hayo hayana gharama.

Lakini usilewe. Ukiona hakuna njia, ubutue. Kubutua si aibu, aibu ni kupokonywa kwenye mstari wa goli kwa sababu ulitaka sifa.

Siku ya majaribio

Majaribio yamejengwa kumwonyesha mshambuliaji. Mnagawanywa timu mbili za watu wasiojuana, kila mmoja anataka kufunga, hakuna anayerudi. Wewe utacheza labda dakika 20. Watu wengi husubiri wapate nafasi ya kukaba kwa mbwembwe. Mimi nakuambia: fika mapema, uliza majina ya wale utakaocheza nao nyuma pamoja na kipa, na mechi ikianza waite kwa majina. Kocha aliyekaa na karatasi yenye namba 40 atasikia sauti moja inapanga watu. Atauliza yule ni nani.

Mambo madogo: vikinga ugoko beba vyako, usitegemee kuazima. Beba daluga za nyasi za kawaida, na kama unaweza, pea ya pili ya vidude vifupi kwa nyasi bandia. Viwanja vya Kaitaba pale Bukoba na Nyamagana pale Mwanza ni nyasi bandia, mpira unadunda na kukimbia tofauti, na njumu ndefu zinanasa goti likabaki nyuma. Nenda na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na umri uwe ule ule kila mahali. Kupunguza miaka kunaweza kukufikisha majaribio, halafu kukufuata mpaka siku unayotaka kusafiri nje.

Mtu akikuomba hela ili "akuweke kwenye orodha", rudi nyumbani.

Kosa lako kubwa litakuja

Langu lilikuja msimu wangu wa kwanza Ligi Kuu. Tuko nyumbani, tunaongoza 1-0, dakika ya 71. Winga wao aliingia ndani ya kumi na nane, akausukuma mpira kuelekea mstari wa mwisho. Alikuwa anatoka, hana pembe ya kupiga, na kipa alikuwa ameshaziba. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea naye tu mpaka nje. Nikalala chini kuteleza. Nakumbuka majani yalivyokuwa na unyevu, nikapita chini ya mpira moja kwa moja kwenye kifundo chake. Penalti, kadi ya njano, 1-1. Tukafungwa la pili dakika za mwisho. Kwenye daladala jioni, kondakta hakunijua, alikuwa anasimulia kwa furaha jinsi "yule beki mrefu" alivyouza mechi. Nilishuka kituo kimoja kabla ya kwangu.

Hapa kuna sheria uijue kichwani. Tangu 2016, ukimnyima mtu nafasi ya wazi ya kufunga ndani ya kumi na nane wakati ulijaribu kweli kuucheza mpira, ni penalti na njano. Ukimvuta jezi au kumsukuma, ni penalti na nyekundu. Kosa hilo likitokea nje ya kumi na nane ni nyekundu hata kama uliufuata mpira. Beki anayeijua sheria anafanya hesabu tofauti akiwa amechelewa.

Nilikaa benchi mechi tisa. Wiki ya kwanza nilinuna. Ya pili nikanunua daftari la kurasa 48. Kila mechi, niliyocheza au niliyotazama, niliandika vitu vitatu tu: nilikuwa wapi, nilipaswa kuwa wapi, nilitazama nini. Moja wapo bado ninayo: "Goli la pili. Nilikuwa mbele ya straika, mpira ukitoka kushoto kwetu. Nilipaswa kurudi hatua mbili. Nilikuwa nautazama mpira tangu ulipovuka mstari wa kati." Baada ya kurasa kumi hivi niliona sentensi ya mwisho inajirudia. Kumbe sikuwa na makosa kumi, lilikuwa moja, na daftari ndilo lililoniambia.

Halafu mwombe msamaha kipa. Mara moja, siku ile ile, basi. Ukimwomba kila siku anaanza kuogopa kucheza na wewe.

Timu kubwa au dakika nyingi?

Straika wa miaka 19 anaweza kuingia dakika ya 80 akafunga, akajulikana. Beki haingizwi hivyo. Safu ya nyuma kocha haigusi mpaka mtu aumie au apewe kadi, kwa hiyo benchi la beki kijana ni refu kuliko la mtu mwingine yeyote. Mpaka upate kama misimu miwili ya kucheza kila wiki, mimi nasema fuata dakika.

Angalia njia za waliofika. Bakari Mwamnyeto aliiva Coastal Union pale Tanga kabla ya kuchukuliwa na Yanga 2020. Job alicheza Mtibwa Sugar, akahamia Yanga Januari 2021 akiwa tayari anaijua ligi. Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM ya Zanzibar Januari 2022, na mwaka uliofuata Yanga ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hakuna aliyekwenda kujifunzia kazi Jangwani, kwa Yanga. Walikwenda wakiwa na mamia ya krosi kichwani.

Nina rafiki, jina tuliache, aliyesajiliwa na timu kubwa akiwa na miaka 18. Alipata pesa, alipata picha. Kwa misimu miwili alicheza mechi za kirafiki tu. Alipotolewa kwa mkopo alikuwa na miaka 20 na uzoefu wa mtu wa 17.

Karatasi

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa kurasa nne. Nilisaini kwenye boneti ya gari, nje ya hoteli, kalamu ya kuazima. Nakala nikaambiwa nitaletewa. Sikuletewa. Mishahara mitatu ilipokatika nilikwenda kulalamika, nikaulizwa: mkataba uko wapi? Pale ndipo nilipojua kwamba pesa niliyokuwa nadai ilikuwa kwenye kabati la mtu ninayemdai. Jina la timu halina faida hapa, na viongozi wale hawapo tena.

Kwa hiyo: usiondoke bila nakala iliyosainiwa na pande zote, kila ukurasa. Piga picha, mtumie mama au kaka. Soma muda, mshahara, fedha ya usajili inalipwa lini na kwa awamu ngapi, nani anatibu ukiumia, na mkataba unavunjwaje. Ahadi ya mdomo iandikwe, isipoandikwa ihesabu kama salamu.

Ukiwa chini ya miaka 18, kanuni za FIFA haziruhusu mkataba wa kulipwa uzidi miaka mitatu. Kwa mtu mzima kikomo cha kawaida ni mitano. Ukibakiza miezi sita unaruhusiwa kuzungumza na timu nyingine bila kuonekana msaliti. Kwa kanuni hizo hizo, klabu isipokulipa mishahara miwili unaidai kwa maandishi, unaipa angalau siku 15, na kama bado, unapata sababu ya kuvunja mkataba. Maandishi, si kununa mazoezini. Kwa hapa nyumbani kesi hizi zinakwenda kwenye kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Kuna pia SPUTANZA, chama cha wachezaji, waulize kabla hujasusa.

Wakala awe na leseni ya FIFA, na kama hujafika 18, mzazi au mlezi wako awe ametoa ridhaa kwa maandishi. Anayekukataza kumwonyesha mama mkataba, mwache hapo hapo.

Goti

Kula, lala, fanya mazoezi ya nyama za paja za nyuma hata kama hakuna anayekusimamia. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo, jishushe mbele taratibu mpaka ushindwe. Safari zetu ni ndefu, Dar kwenda Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300, na ukishuka kwenye basi miguu imekuwa mbao. Tembea dakika 20 kabla ya kulala, hata kwenye korido ya gesti.

Na ligi ikiisha, pumzika. Mkataba wako karibu kwa hakika unakukataza kucheza mechi za nje bila ruhusa, lakini mtaani watakuja. Watakuita kaka, watakukumbusha mlikotoka, watasema ni mechi moja tu ya nusu fainali ya ndondo. Mimi walinijia hivyo hivyo mwezi Juni. Uwanja wa changarawe, dakika ya 30, nikaruka kichwa kizuri tu, juu, mbali, pembeni, nikatua mguu mmoja kwenye kishimo. Goti likaenda ndani. Klabu ilipouliza nimeumia wapi sikuwa na la kujibu, na matibabu nikajilipia. Ile mechi walikuwa wamenilipa shilingi 30,000. Elfu tano kati yake niliitoa pale pale, kwa bodaboda iliyonipeleka hospitali.